Kati ya Novemba na Julai

Mikoba ya kazi ya vijana wanaoomba vyuo vya sanaa, inayotoka Kahama, Katoro na Shinyanga mjini, inafanana kwa namna inayonisikitisha. Ukurasa wa kwanza una sura ya kiongozi wa nchi, imenakiliwa kwa penseli kutoka kwenye picha ya gazeti, na kivuli kimesuguliwa kwa kidole mpaka karatasi inang'aa. Ukurasa wa pili ni simba. Wa tatu ni Wamasai watatu warefu chini ya jua jekundu, ingawa aliyewachora amekulia Nyarugusu na Wamasai hao anawajua kupitia kalenda. Uwezo wa mkono hauna ubishi: mistari imetulia, macho yamekaa mahali pake, na subira ya kukaa na kazi moja kwa siku nyingi inaonekana wazi. Nikifungua kurasa zote, namtafuta mchoraji mwenyewe simwoni. Sioni alichokiona yeye, wala alichokijaribu kikamshinda akakirudia.

Chuo kinachofundisha sanaa za ufundi za kisasa, kiwe Kampala, Nairobi au London, kinaufungua mkoba huo kwa swali tofauti na analolidhania kijana. Mwombaji anadhani anaulizwa kama anaweza kufananisha. Msaili anataka kujua anafikirije anapochora: kwa nini amechagua mkaa badala ya rangi, mchoro huu wa kumi umejifunza nini kutoka kwa ule wa tatu, na ni jambo gani linamsumbua kiasi cha kulirudia. Ndiyo maana daftari chafu la michoro, lenye makosa na maneno pembeni, mara nyingi lina uzito kuliko picha moja iliyomalizika vizuri. Kijana wetu daftari hilo hulitupa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lina thamani.

Nchi zenye mazoea ya kufundisha sanaa ziliona pengo hili zamani, zikajenga daraja. Shule ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, mwalimu Johannes Itten aliweka kozi ya awali ya miezi sita. Mwanafunzi alianza kwa kushika mbao, waya, kitambaa na kioo, akachora mwanga na giza, kabla ya kuruhusiwa kuingia karakana yoyote. Uingereza nayo, tangu miaka ya 1960, imekuwa na mwaka wa msingi kati ya sekondari na shahada ya sanaa, ambao kijana huutumia kujaribu uchoraji, uchongaji, uchapaji na upigaji picha ili ajue anakoelekea na akusanye mkoba wa kazi. Kwetu hatua hiyo haipo. Anayemaliza kidato cha nne Geita anatakiwa aruke kutoka kwenye somo ambalo huenda shuleni kwake halikuwa na mwalimu, aangukie mlangoni mwa chuo.

Ila muda wa kuijenga hatua hiyo tunao, na tunaupoteza kila mwaka. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Kidato cha tano huanza Julai, na vyuo vingi vya cheti na stashahada huchelewa zaidi ya hapo. Katikati kuna miezi saba au nane ambayo kijana wa ukanda wa dhahabu hana shughuli ya shule. Wavulana wengi huishia kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kwenye karasha za kusagia mawe au juu ya bodaboda ya mtu mwingine. Wasichana huenda mwaloni kunakooshwa mchanga wa dhahabu, au hupika kwa mama lishe wa machimboni, au huolewa. Itten aliwabadilisha wanafunzi wake kwa miezi sita. Sisi tunayo saba, na tunaiita kusubiri matokeo.

Kila nikilisema hili hujibiwa kwamba Edward Tingatinga hakusoma chuo chochote. Ni kweli. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadibodi, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na miaka hiyo minne ilitosha kuipa nchi mtindo unaojulikana duniani. Wengine humtaja Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki akajifundisha mwenyewe, na leo picha zake za wanawake weusi waliozungukwa na weupe mtupu zinaonyeshwa nje ya nchi. Nawaheshimu wote wawili. Lakini ukiwatazama kwa makini utaona kila mmoja alijitungia nidhamu ambayo kozi ya awali hujaribu kuwapa wengi: Tingatinga aliliuliza soko la vifaa vya ujenzi linaweza kumpa nini, Mlengeya akajiuliza aondoe nini kwenye picha. Wachache hufika huko peke yao. Sera ya elimu haiwezi kukaa ikiwasubiri wachache hao.

Nije sasa kwenye kozi yenyewe, maana nina hakika kwamba Geita na Shinyanga zina kila kinachohitajika kuifundisha vizuri kuliko Dar es Salaam.

Mtu akifika kwenye karasha saa nne asubuhi, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kwamba rangi zimetoweka. Vumbi la mawe limeshika nywele, viroba, mashine, paa la bati na mikono ya kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo. Vyote ni kijivu kimoja. Mwanafunzi aliyezoea kutenganisha vitu kwa rangi, shati jekundu huku na ndoo ya bluu kule, anakosa pa kushika. Inabidi atafute giza na mwanga: weusi ulio chini ya kidevu, mkunjo wa kiroba kilichojaa, mdomo wa mashine unaomeza jiwe, bega la mwanamke linalopata jua. Akikaa hapo na kipande cha mkaa na karatasi ya manila, kila siku kwa wiki mbili, atakuwa amejifunza jambo ambalo shule za Ulaya kwa karne nyingi zimelifundisha kwa kupanga sanamu nyeupe za plasta mbele ya wanafunzi. Asimame upande upepo unakotokea na afunge pua kwa kitambaa kizito, kwa sababu vumbi hilo la mwamba huharibu mapafu. Aombe pia ruhusa ya mwenye leseni. Na asiteremke duarani, ambako sheria imemkataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi. Mdomo wa duara unatosha. Mchimbaji anapopanda kwa magogo ya matimba akiwa na tochi kichwani, mwanga mmoja tu unachonga uso wake kutoka gizani, na hakuna taa ya darasani inayoweza kuiga hilo.

Mkaa wa kuchorea hauhitaji kununuliwa. Chukua vijiti laini vyenye unene wa penseli, vimenye magome, vipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, kisha lifukie kopo kwenye makaa. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, toa kopo na uliache lipoe bila kulifungua. Ukilifungua likiwa la moto hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu. Rangi nayo iko chini ya miguu. Udongo mwekundu wa njia ya kwenda Mgusu, ukioshwa kwenye ndoo, mchanga ukaachwa utuame na maji yenye rangi yakamiminwa kwenye chombo kingine, huacha unga laini unaosagwa juu ya kioo kwa kitako cha chupa. Kinachoushika unga huo karatasini ni gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha na kuchujwa, pamoja na tone la asali ili rangi isipasuke ikikauka. Rangi za maji zinazouzwa kwa bei kubwa mijini nazo hushikwa na gundi ya jamii hiyo hiyo ya miti. Shinyanga, ambayo kuanzia 1986 ilirudishiwa miti kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa, chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ina migunga ya kutosha kulisha darasa lolote.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Udongo wa mwaloni na mchanga wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, usiguswe kwa kazi hii, hata kama rangi yake inavutia. Una zebaki, na ule uliopita kwenye mabwawa ya kuchenjulia unaweza kuwa na sayanidi. Mwalimu asiyelijua hili asipewe darasa hilo.

Wapo watakaoona kwamba huku ni kujaribu kubana matumizi kwa sababu ya umaskini. Nawaomba wamtazame Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, akasoma Slade na Royal Academy huko London, shule ambazo zingempa kanvasi yoyote aitakayo. Yeye huchora juu ya lubugo, gome la mutuba linalopondwa na mafundi wa Uganda, lenye matundu na mishono inayoilazimisha picha ijipange upya. Malighafi ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoipa kazi yake sauti ambayo watu wa London hawakuwa nayo.

Usukuma wenyewe ulikuwa na uchoraji wa kufundishia kabla ya shule. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeishi Mwanza, alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu picha za ukutani za wacheza nyoka, chama cha Bayeye, zilizokuwa ndani ya nyumba ambamo wanachama wapya waliingizwa kwenye mafundisho. Mtu alizisoma picha akiwa na mkubwa wa kumweleza. Sijakutana na kijana wa Shinyanga aliyefundishwa jambo hili shuleni, na ni aibu yetu walimu. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yako karibu vya kutosha kwa darasa kwenda na kurudi siku moja, likachora viti vya watemi na ngoma, na kutazama jinsi jengo la watemi lilivyopewa umbo la kiti cha enzi. Huko kijana ataona kwamba babu zake walilifikiria umbo, na walilifikiria kwa ukali.

Lakini mfano ninaoutaka zaidi kwa ukanda huu unatoka Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili na kuishi juu ya madini kama sisi. Elisabethville, leo Lubumbashi, ulikuwa mji wa shaba wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, akawakataza wanafunzi wake kunakili picha za Ulaya; humo wakatokea Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mtaani wa mji huo huo, akaichora historia nzima ya nchi yake katika mfululizo wa picha zaidi ya mia moja. Kisha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akachukua picha za zamani za vibarua wa migodi, akawakata na kuwaweka ndani ya picha za rangi za viwanda vilivyochakaa vya kampuni ya madini ya Gécamines. Wafanyakazi wa kikoloni wakawa wamesimama mbele ya mabati yenye kutu ya leo. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, kituo kinachoendesha maonyesho ya kimataifa ya sanaa mjini humo.

Nimeieleza Lubumbashi kwa urefu kwa sababu inavunja dhana kwamba mji wa madini hauzai kitu zaidi ya madini. Kahama inao mgodi wa Buzwagi ulioacha kuzalisha mwaka 2021, na kuna wazee na vijana waliofanya kazi pale ambao bado wana picha kwenye simu, vitambulisho, kofia na buti. Kishapu ina Mwadui, ambako mwaka 1947 iliokotwa almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimpa binti mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ilikatwa ikabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mpe mwanafunzi wa Kishapu kazi hii: chora jiwe lililotoka kijijini kwenu ambalo hujawahi kuliona. Muulize bibi, mpimie babu ukubwa kwa vidole, litengeneze kwa udongo, kwa sabuni, kwa glasi ya chupa, ulikosee mara ishirini. Mkoba wa kazi utakaotoka humo hautafanana na mwingine wowote utakaofika mezani kwa msaili.

Sehemu inayowatisha walimu wengi ni mjadala wa kazi, pale mwanafunzi anapobandika michoro ukutani na wenzake wanasema wanachokiona. Vyuo vya kisasa vinafundisha zaidi kwa njia hiyo, na kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu huganda, au hulia, au huona ametukanwa. Ila ngoma ya Kisukuma imelea tabia hiyo vizazi vingi. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hukumu hutolewa na miguu ya watazamaji: wanahamia upande unaowavutia, kila mtu anaona, na upande ulioachwa unabuni kitu kipya kesho yake. Anayejua kuachwa na umati na kurudi siku ya pili akiwa na mbwembwe mpya yuko tayari kwa darasa la sanaa. Mwalimu anachotakiwa kuongeza ni maneno, ili mtazamaji aseme kwa nini amehama.

Mzazi ataniuliza kuhusu ajira, na ana haki. Sitamwahidi utajiri. Nitamwambia kwamba mafundi wa maandishi waliopamba saluni na maduka ya Katoro kwa brashi wamenyang'anywa kazi na mashine za kuchapa mabango, na kwamba anayebaki sokoni sasa ni yule anayeweza kubuni, si kunakili tu. Usanifu wa vifungashio, vitabu vya watoto, katuni, filamu, ualimu wa somo lenyewe: vyote vinamtaka mtu aliyefunzwa kutazama. Tena miezi saba ya kujaribu humsaidia pia anayegundua kwamba sanaa si njia yake, kabla ukoo haujauza ng'ombe kwa ajili ya ada.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa za ufundi, muziki na maonyesho, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu wa Geita hakai tena kwenye foleni ya kivuko ili afike huko. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza 2008, ina uzoefu wa kufundisha sanaa za kisasa nje ya mfumo wa shule. Chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu, lakini vyote viwili viko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Geita, na umbali huo kwa familia ya mchimbaji mdogo ni nauli, chumba na chakula kabla ya ada. Kinachofaa ni kozi ya awali iletwe kwenye ukanda: Butimba itoe walimu wanaomaliza mafunzo, vyuo vikubwa vitume msaili mmoja aje Mei au Juni kukagua mikoba papo hapo.

Fedha nazo naziona zilipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, ukubaliwe na halmashauri. Madarasa, zahanati na madawati vimejengwa kwa njia hiyo, na visiachwe. Chumba kimoja chenye madirisha upande usiopigwa na jua moja kwa moja, meza ndefu, sinki, rafu za kukaushia kazi na walimu wawili wenye posho ya miezi saba ni kiasi kidogo sana mbele ya mipango hiyo. Madiwani wa Geita, Msalala na Kahama wanaweza kukiombea katika kikao kimoja. Wakifanya hivyo mapema, chumba kitakuwa tayari wakati wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali, walioingia kidato cha kwanza Januari 2024, watakapomaliza mtihani wao mwaka 2027.

Sharti langu moja ni kuhusu wasichana. Darasa likipangwa jioni, halitawapata, kwa sababu jioni ndipo kazi za nyumbani na za kwenye vibanda vya chakula zinapowabana, na njia ya kurudi kutoka mjini si salama. Lipangwe saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, uji uwepo, na mwalimu mmoja kati ya wawili awe mwanamke. Wazazi waitwe wiki ya kwanza wakae wachorwe na watoto wao, dakika 40 kila mmoja, ili wajue kwa macho yao binti anachokwenda kufanya pale.